Sura ya Nne: Miaka 35 ya Ubao, Miaka 18 ya Turubai

Mwaka 1960, mwalimu wa sanaa katika shule moja ya Washington, mji mkuu wa Marekani, alistaafu. Alikuwa na umri wa miaka 68, na alikuwa amefundisha Shaw Junior High School tangu 1925. Miaka 35 alisimama mbele ya watoto wa mtaa uleule, akiwafundisha kushika penseli, kuchanganya rangi na kutazama. Hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na nyumba ya wazazi wake, pensheni ya ualimu, na heshima ya wengi waliopita mikononi mwake. Jirani angeweza kusema, kwa nia njema kabisa, kwamba Mwalimu amemaliza kazi yake na sasa apumzike.

Aprili 1972, mwalimu huyo akiwa na miaka 80, picha zake zilitundikwa katika Whitney Museum of American Art jijini New York. Alikuwa mwanamke Mweusi wa kwanza kupewa maonyesho ya peke yake katika makumbusho hayo. Mwaka huohuo Corcoran Gallery ya Washington ikaandaa maonyesho makubwa ya kazi zake, na meya wa jiji akaitangaza tarehe 9 Septemba kuwa siku ya Alma Thomas.

Maisha ya Alma Woodsey Thomas husimuliwa mara nyingi kama muujiza: bibi aliyestaafu, akashika brashi, akawa mchoraji mashuhuri. Simulizi hiyo inafurahisha, lakini inamnyima haki yake na inatupotosha sisi tunaoisoma. Mstaafu anayeiamini ataketi akingoja kipaji kimshukie, na asipokiona atajilaumu. Ukweli una manufaa zaidi. Kustaafu kulimpa Mwalimu Alma saa zake mwenyewe. Vitu vingine vyote alivyovihitaji, yaani jicho, mkono, marafiki wa kazi na unyenyekevu wa kuendelea kufundishwa, alivikusanya wakati bado ana kipindi cha asubuhi na madaftari ya kusahihisha.

Binti aliyetaka kujenga madaraja

Alma alizaliwa tarehe 22 Septemba 1891 huko Columbus, jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Alikuwa wa kwanza kati ya wasichana wanne. Baba yake, John Harris Thomas, alikuwa mfanyabiashara. Mama yake, Amelia, alikuwa fundi wa kubuni na kushona nguo, kwa hiyo watoto walikua katikati ya vitambaa na mazungumzo ya rangi ipi iendane na ipi. Alma alikuwa akichota udongo wa mfinyanzi mtoni, akafinyanga vikombe na sahani.

Familia ilikuwa na uwezo kuliko nyingi, ila uwezo haukuwakinga na ubaguzi. Georgia ya wakati ule iliwafungia Weusi milango ya maktaba na shule nzuri. Septemba 1906, magenge ya Wazungu yalivamia na kuua Weusi katika mji wa Atlanta, jimbo hilohilo. Mwaka 1907 wazazi wa Alma walifungasha, wakahamia Washington, katika nyumba namba 1530 ya mtaa wa 15th Street. Washington nayo iliwatenganisha watu kwa rangi, lakini shule zake za Weusi zilikuwa na walimu wa kiwango cha juu. Nyumba hiyo ilibaki makao ya Alma hadi alipofariki mwaka 1978, miaka 70 na zaidi.

Katika shule ya ufundi ya Armstrong alipenda hisabati na michoro ya majengo. Alitamani kuwa msanifu majengo, ajenge madaraja. Kwa msichana Mweusi wa mwaka 1911 njia hiyo ilikuwa imezibwa, naye akachukua njia iliyokuwa wazi: ualimu. Alisomea kufundisha watoto wadogo, akafundisha Maryland, kisha miaka kadhaa huko Wilmington, Delaware.

Mwaka 1921, akikaribia miaka 30, alirudi darasani katika Chuo Kikuu cha Howard kusomea sayansi kimu, akiwa na nia ya kubuni mavazi ya jukwaani. Wakati huo James V. Herring alikuwa akianzisha idara ya sanaa chuoni hapo. Aliona kazi ya mwanafunzi huyu wa sayansi kimu, akamvuta kwake. Mwaka 1924 Alma Thomas akawa mhitimu wa kwanza wa idara hiyo.

Tangu mwanzo, basi, Alma alikuwa mtu wa kufika baadaye kuliko wenzake na kufika akiwa tayari. Wazee wetu walisema kawia ufike, na yeye alikawia zaidi ya mara moja.

Kazi iliyokula muda na kulisha jicho

Miaka 35 ya Shaw ndiyo sehemu ambayo waandishi wengi huiruka kwa sentensi moja. Mimi nadhani ndiyo kiini cha habari.

Kwanza, hakuacha kusoma. Alitumia likizo za kiangazi kusomea shahada ya uzamili katika Teachers College ya Chuo Kikuu cha Columbia, New York, akaipata mwaka 1934. Tasnifu yake ilihusu vikaragosi vya nyuzi, vile vinavyochezeshwa jukwaani kwa kamba, na namna ya kuvitumia kufundishia watoto. Mwaka uliofuata aliendelea kujifunza ufundi huo kwa Tony Sarg, bingwa wa vikaragosi nchini Marekani.

Pili, aliifanya kazi yake kuwa pana kuliko mtaala. Mwaka 1936 alianzisha School Arts League, mpango wa kuwakutanisha watoto Weusi na sanaa nje ya darasa. Mwaka 1938 alianzisha ukumbi wa kwanza wa maonyesho ya sanaa katika shule za umma za Washington, na wanafunzi wakaona kazi za wasanii Weusi katika jengo lao wenyewe.

Tatu, alijenga mahali pa wasanii kukutana. Mwaka 1943 Herring, mwalimu wake wa zamani, pamoja na Alonzo Aden, walifungua Barnett-Aden Gallery ndani ya nyumba ya kawaida mjini Washington. Ilikuwa miongoni mwa nyumba za sanaa za kwanza Marekani kumilikiwa na Weusi, na katika mji uliogawanywa kwa rangi, pale watu wa rangi zote walisimama mbele ya picha moja. Alma alikuwa makamu wa rais wa taasisi hiyo. Jioni alikutana na wasanii wenzake katika studio ya Lois Mailou Jones, mchoraji na mwalimu wa Howard, aliyekuwa akishirikiana na rafiki yake Mfaransa, Céline Tabary. Walichora pamoja, wakaambizana ukweli kuhusu kazi zao.

Na picha zake mwenyewe? Zilikuwepo, chache, za mwisho wa wiki: rangi za maji, maua mezani, watu, mitaa. Zilikuwa nzuri na za adabu, bila jambo ambalo wengine hawakuwa nalo. Kazi ilimla muda, hilo ni kweli na lina uchungu wake. Lakini hebu fikiria mtu anayewaeleza watoto mwaka baada ya mwaka kwa nini nyekundu iliyo kando ya kijani inawaka na ileile kando ya kahawia inafifia. Kila mwaka anakuja mtoto mpya asiyeelewa, na kila mwaka mwalimu anatafuta njia nyingine ya kumwonyesha. Baada ya madarasa hayo yote, mwalimu anaijua rangi kwa kina ambacho msanii wa studio huenda asikifikie. Akiba hiyo haikuonekana kwenye cheti chochote, wala haikuandikwa kwenye hesabu za mafao yake.

Mwanafunzi aliyekaribia miaka 60

Mwaka 1950, miaka kumi kabla ya kustaafu, Alma alijiandikisha kwa masomo ya jioni na ya mwisho wa wiki katika American University. Alikuwa na shahada mbili na uzoefu wa zaidi ya robo karne. Aliketi darasani na vijana wenye umri wa wanafunzi wake wa zamani, chini ya walimu aliowazidi umri. Mmoja wao, mchoraji Jacob Kainen, alizaliwa mwaka 1909, miaka 18 baada yake.

Kwa watu wa kwetu jambo hili si jepesi. Mtu aliyeitwa Mwalimu, Mkurugenzi au Daktari kwa miongo mitatu huona vigumu kumwonyesha kijana picha mbaya na kuuliza ameikosea wapi. Cheo huzoeleka, na kukosolewa hadharani huuma zaidi kadiri mvi zinavyoongezeka. Wastaafu wengi wenye hamu ya kujifunza sanaa, muziki au uandishi hukwama hapa. Fedha wanayo na muda wanao. Kinachowashinda ni kuwa wa mwisho darasani.

Alma aliukubali unyonge huo kwa miaka kumi, na ulimbadilisha. Picha zake zilianza kuacha maua ya mezani yanayofanana na maua. Maumbo yakayeyuka, rangi ikabeba mzigo uliokuwa ukibebwa na umbo. Alipostaafu mwaka 1960 alikuwa tayari anachora picha dhahania, zile zisizoonyesha kitu fulani kwa sura yake ya kawaida, na mwaka huohuo akazionyesha katika maonyesho ya peke yake mjini Washington.

Alitazama pia kazi za waliomtangulia na kujibizana nazo. Mwaka 1963 alichora Watusi, picha iliyopewa jina la dansi iliyovuma Marekani miaka ile, dansi ambayo nayo ilichukua jina lake kwa Watutsi wa Rwanda na Burundi. Kwa umbo, picha hiyo inazungumza na L'Escargot ya Mfaransa Henri Matisse, ya mwaka 1953: Alma alichukua mpangilio wa vipande vya Matisse, akaugeuza, akabadilisha rangi. Matisse aliiunda kwa kubandika karatasi zilizopakwa rangi. Njia hiyo ya mkasi na karatasi ilishika nafasi kubwa katika kazi yake baada ya upasuaji mzito wa mwaka 1941, alipokuwa akifanya kazi kitandani na kwenye kiti cha magurudumu. Alma alikuwa akijifunza kwa mzee mwingine aliyekataa kufungiwa na mwili wake, na somo hilo lingemfaa muda si mrefu.

Yabisi, dirisha na mti

Mwaka 1964 baridi yabisi ilimshika Alma vibaya sana. Maumivu ya viungo yalikuwa makali kiasi kwamba alifikiria kuacha kuchora. Alikuwa amestaafu kwa miaka minne tu, na saa alizozingoja maisha yake yote zilikuwa zinageuka kuwa saa za mgonjwa.

Kilichomrudisha kwenye turubai ni mwaliko. Chuo Kikuu cha Howard, chuo chake, kilitaka kuonyesha kazi zake za miaka yote, na maonyesho yalipangwa kufanyika mwaka 1966. Alitaka kuonyesha kitu ambacho hakuwa amekifanya kabla. Alikaa sebuleni akitazama nje kupitia dirisha kubwa la nyumba aliyoijua tangu ujana wake. Mbele ya dirisha palikuwa na mti wa holi, wenye majani magumu yanayong'aa. Mwanga ulipita katikati ya majani, ukakatwakatwa, ukaanguka ukutani na sakafuni kwa vipande. Upepo ulipovuma, vipande vilibadilika.

Hapo akapata mtindo uliomfanya ajulikane. Alichukua rangi moja kwa wakati, akapiga alama fupifupi za brashi, moja kando ya nyingine, kwa mistari ya kushuka au kwa duara lililozungukwa na duara jingine. Kati ya alama aliacha nafasi, weupe wa turubai ukachungulia kama mwanga uchunguliavyo kwenye majani. Ukisogea karibu unaona mistari ya penseli aliyoitangulia kuchora ili kujiongoza, kwa mkono wa binti aliyetaka kuwa msanifu majengo. Ukirudi nyuma, picha nzima inatikisika.

Mtindo huu uliufaa mwili wake. Alama fupi haihitaji bega lenye nguvu. Inahitaji uvumilivu wa kuirudia mara nyingi. Rangi aliyoitumia nayo ilisaidia. Rangi za mafuta huchukua siku kukauka na husafishwa kwa tapentaini yenye harufu kali. Akriliki, iliyokuwa imeanza kuenea miaka ile, huchanganywa na maji, hukauka kwa dakika, na brashi huoshwa bombani. Ilifaa kwa mzee anayefanya kazi ndani ya nyumba anamolala. Studio yake ilikuwa jikoni na sebuleni. Picha kubwa nyingine aliziegemeza kwenye fanicha, akazifikia upande mmoja baada ya mwingine.

Miongoni mwa kazi za mwaka 1966 ni Resurrection, duara za rangi zinazopanuka kutoka katikati. Mwaka 2015 picha hiyo ilifunuliwa Ikulu ya Marekani, ikawa kazi ya kwanza ya mwanamke Mweusi katika mkusanyiko wa kudumu wa Ikulu hiyo.

Kutoka bustanini hadi mwezini

Alma alizaliwa watu wakisafiri kwa farasi na mikokoteni. Ndege ya ndugu Wright ilipopaa mwaka 1903, alikuwa na miaka 12. Mwaka 1969 binadamu walipokanyaga mwezi, alikuwa na 77, naye akazifuatilia safari hizo kwa shauku na kuzichora. Apollo 12 Splash Down ni ya mwaka 1970. Snoopy Sees Earth Wrapped in Sunset ni ya mwaka huohuo. Mars Dust na Starry Night and the Astronauts ni za 1972. Katika hii ya mwisho, bahari ya alama za buluu imejaa turubai yote, na juu, pembeni, chombo kidogo cha nyekundu, manjano na rangi ya chungwa kinapita peke yake.

Wapo waliotaka achore kitu kingine. Ilikuwa miaka ya harakati za haki za Weusi, na wengi waliona kwamba msanii Mweusi ana wajibu wa kuonyesha mapambano. Alma hakuyakimbia mapambano. Alikuwepo kwenye maandamano makubwa ya Washington ya Agosti 1963 na aliyachora. Lakini mwelekeo aliouchagua ulikuwa uzuri: maua, mwanga, nyota. Baadhi waliliona chaguo hilo kuwa kukwepa. Mimi naona ushupavu ndani yake. Mtu aliyelelewa katika mji uliomfungia maktaba alidai haki ya kuchora chochote kilichomshangaza, hata kiwe Mirihi, bila kuomba ruhusa kwa upande wowote.

Mlango wa Whitney nao haukufunguliwa na uzuri wa picha peke yake. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, wasanii Weusi wa New York waliyashinikiza makumbusho makubwa, Whitney yakiwemo, yaache kuwapuuza. Maonyesho ya wasanii Weusi mmoja mmoja, yale ya Alma yakiwa miongoni mwake, yalikuja baada ya shinikizo hilo. Vijana waligonga mlango, na mzee aliyekuwa na kazi tayari mkononi akaingia. Kizazi kimoja kilihitaji kingine, na hakuna aibu katika hilo.

Hakupunguza kasi baada ya sifa. Mwaka 1976, akikaribia miaka 85, alikamilisha Red Azaleas Singing and Dancing Rock and Roll Music, picha ya turubai tatu zilizounganishwa, yenye upana wa takriban mita 4 na kimo cha zaidi ya mita 1.8. Alama nyekundu zimetawanyika juu ya weupe, upande mmoja zimesongamana, upande mwingine zimeachana, kama ngoma inayoongeza na kupunguza mwendo. Alifariki Februari 1978, akiwa na miaka 86.

Pensheni na uhuru

Ingekuwa si haki kuufunga mfano huu bila kutaja kilichouwezesha. Mwalimu Alma alikuwa na pensheni na nyumba isiyodaiwa kodi. Hakuwa na watoto wa kusomesha wala wajukuu wa kulea. Aliishi na dada yake. Kwa hiyo hakulazimika kuuza picha ili ale, na asiyelazimika kuuza anaweza kuchora kile ambacho bado hakina mnunuzi.

Mlinganishe na Henri Rousseau wa Paris, aliyekuwa mtumishi wa ofisi ya ushuru wa bidhaa zinazoingia jijini. Alistaafu mwaka 1893 akiwa na miaka 49 ili achore, kwa pensheni ndogo. Ilibidi afundishe muziki na uchoraji kuongeza kipato, na wakosoaji walimcheka karibu maisha yake yote. Aliendelea hadi 1910, mwaka aliochora Le Rêve na mwaka aliokufa. Njia hiyo inawezekana pia, ila bei yake ni kubwa, na anayeichagua aijue mapema.

Kwetu Afrika Mashariki, mtumishi wa umma Tanzania hustaafu kwa hiari akifika miaka 55 na kwa lazima akifika 60. Kenya, umri wa kawaida ni 60. Kiinua mgongo kikitoka, ushauri anaopewa mstaafu unafahamika: fungua duka, fuga kuku, jenga vyumba vya kupangisha. Ushauri huo una busara yake, kwani mafao ya wengi hayatoshi na ndugu wanaotegemea ni wengi. Mwanamke aliyestaafu, zaidi ya hayo, hujikuta ameajiriwa upya bila mshahara: wajukuu wanaletwa, wagonjwa wanaletwa, na kila mtu anasema, “Si Mama yupo nyumbani?”

Simwambii yeyote aache kulea wajukuu. Ninasema kwamba saa za mstaafu zisipowekewa mipaka na yeye mwenyewe, wengine watamgawia kazi. Mchoro hauhitaji siku nzima. Unahitaji asubuhi mbili au tatu kwa wiki ambazo familia inajua kuwa Bibi au Babu ana kazi. Wala vifaa visiwe kisingizio. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alitumia rangi za kung'aa za kupakia baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, na kutoka hapo ikazaliwa shule nzima ya uchoraji yenye jina lake. Penseli, daftari na rangi za maji za wanafunzi zinatosha mwaka wa kwanza.

Kwa aliye bado kazini

Nimeandika sura hii nikimfikiria zaidi msomaji ambaye hajastaafu: muuguzi mwenye miaka 48, mhasibu mwenye 52, mwalimu aliyebakiza miaka saba. Yapo mambo manne katika maisha ya Alma Thomas ambayo unaweza kuyafanya sasa, kabla ya barua ya kustaafu kufika.

Fanya kazi yako ya ubunifu ikiwa ndogo na ya kawaida. Picha za Alma za mwisho wa wiki hazikumpa jina, lakini zilimzuia kusahau. Mkono ulioachwa miaka 30 haurudi kirahisi.

Tafuta darasa ambamo wewe ndiye usiyejua, na uingie humo kabla heshima ya uzee haijawa ukuta. Alma aliingia miaka kumi kabla.

Jenga ushirika. Barnett-Aden, studio ya akina Jones, Howard: mwaliko wa maonyesho ya 1966, uliomnyanyua, ulitoka kwa watu aliowatumikia miaka mingi. Mstaafu asiye na wenzake wa kazi hiyo atachora picha chache, kisha ataacha, kwa kuwa hakuna anayemngoja.

Na tazama kazi uliyo nayo sasa kama shamba la jicho lako. Muuguzi anajua mikono na nyuso za watu walio kwenye maumivu kuliko mchoraji yeyote aliyetoka chuoni. Fundi umeme anajua mistari. Mkulima anajua rangi za udongo kwa majira yake. Mwalimu Alma alichora alichojifunza akifundisha.

Siku ya kustaafu itakukabidhi saa. Haitakukabidhi jicho, mkono wala wenzako, kwa sababu hivyo havimo katika mafao ya mwajiri yeyote. Vinakusanywa na mtu mwenyewe, jioni moja baada ya nyingine, akiwa bado amechoka kutoka kazini. Jioni ya kwanza inaweza kuwa ya leo.